Rangi ya Manjano Katika Vyumba vya Kaskazini

Jina la rangi ya manjano limetoka jikoni. Manjano ni ule mzizi utwangwao ukatiwa katika mchuzi, ambao wengine huuita bizari. Na Mswahili alipotaka kutaja rangi ya embe lililoiva au ya jua la asubuhi, alisema ni rangi ya manjano, akaridhika. Walakini hakuwa na desturi ya kuipaka rangi hiyo katika kuta za nyumba yake. Kuta za ndani za nyumba kongwe za mawe, kama zile za Lamu, zilipigwa lipu ya chokaa, nyeupe kama maziwa. Mwenye nyumba alikuwa na jua la kumtosha na kumzidi. Alichotafuta ndani ni kivuli na ubaridi. Anayetaka kujua kwa nini mtu alipake jua ukutani, tena alipe fedha nyingi kwa ajili hiyo, hana budi kwenda katika nchi ambazo jua ni mgeni wa miezi michache, na mchana wa majira ya baridi huisha kabla kazi ya siku haijaisha.

Katika nchi hizo manjano ya kwanza ya ukutani ilikuwa udongo. Upo udongo wenye chuma kilichofanya kutu kwa maelfu ya miaka, nao hupatikana mahali pengi. Ulio mashuhuri ni ule wa Roussillon, kusini mwa Ufaransa, ambako vilima vyenyewe vina rangi ya dhahabu na rangi ya damu. Udongo huoshwa kwa maji mengi, mchanga ukazama na rangi ikachukuliwa na maji. Kisha tope hilo huachwa litulie, hukaushwa na kusagwa. Ukichomwa hugeuka mwekundu. Jua haliupaushi, wala haumdhuru aushikaye, na bei yake ni nafuu, hata mkulima aliweza kuuchanganya na chokaa akapaka chumba chake. Ila yake ni moja: huleta joto, hauleti nuru. Chumba chenye giza kikipakwa udongo wa manjano huwa chumba chenye giza la rangi ya mkate. Palikuwa na jiwe jingine la manjano ing'aayo kama dhahabu hasa, lakini jiwe hilo lina aseniki, ambayo ni sumu kali, tena halipatani na rangi zilizotengenezwa kwa risasi au shaba. Wachoraji walilithubutu; halikufaa kwa kuta za watu wanaolala na kula humo.

Basi kwa karne nyingi mwenye fedha aliyetaka kuta zake zing'ae kwa manjano alitundika hariri, au alipaka dhahabu yenyewe katika nakshi za mbao. Rangi ya kopo ilikuwa haijafika.

Ilianza kufika mwaka 1781, pale James Turner wa London alipopewa hati ya kumlinda mvumbuzi kwa rangi aliyoipata kwa njia ya ajabu kidogo. Risasi iliyounguzwa ilitiwa katika maji ya chumvi. Matokeo yake yakawa magadi, na pamoja nayo kitu cheupe ambacho kikitiwa moto hugeuka manjano safi. Mswidi Carl Wilhelm Scheele alikwisha ona jambo hilo kabla yake, lakini Turner ndiye aliyelifanya biashara. Biashara hiyo haikumpa raha. Wengine waliiga rangi yake, naye akaenda mahakamani; mwaka 1787 mahakama ikaamua kwamba maelezo aliyoyaandika katika hati hayakumwezesha mtu mwingine kuitengeneza rangi hiyo barabara, na kwa sababu hiyo hati yake haina nguvu. Wanasheria wa Uingereza waliikumbuka kesi hiyo kwa muda mrefu kuliko wapaka rangi walivyolikumbuka jina la Turner.

Aliyeitumia rangi hiyo kwa akili kuliko wote alikuwa John Soane. Huyu alizaliwa mwaka 1753, mwana wa mwashi, akapanda hata akawa msanifu wa majengo ya Benki ya Uingereza tangu mwaka 1788. Mwaka 1792 alinunua nyumba katika uwanja wa Lincoln's Inn Fields, London, na tangu mwaka 1812 akaijenga upya nyumba ya jirani, akaishi humo mpaka kufa kwake mwaka 1837. London ya siku zile ilipikia na kuotea makaa ya mawe. Moshi wa madohani ulichanganyika na ukungu wa mto, na siku nyingi za majira ya baridi zilipita bila watu kuliona jua. Soane aliifanya nyumba yake iwe mtego wa nuru. Chumba cha kulia, chini, alikipaka wekundu mzito. Mgeni akipanda ngazi kutoka humo aliingia katika vyumba viwili vya maongezi vilivyopakwa manjano ya Turner, kali, isiyoficha uso, na mapazia yakiifuata. Mahali pengine katika nyumba hakuridhika na rangi ya ukutani, akatia vioo vya manjano katika madirisha ya darini, ili hata nuru ya kijivu ya Desemba ishuke juu ya sanamu zake za marumaru kana kwamba imetoka Italia.

Shauri la vioo halikuwa la Soane peke yake. Goethe, katika kitabu chake juu ya rangi kilichotoka mwaka 1810, alieleza kwamba mtu akiitazama nchi kwa kioo cha manjano siku ya mawingu ya majira ya baridi, jicho lake hufurahi na moyo wake hupanuka, naye huona kama joto limemjia. Goethe aliyaamini maneno yake kiasi cha kuyapaka nyumbani: katika nyumba yake ya Weimar mna ukumbi wa manjano. Alitoa na onyo. Manjano, alisema, ni rangi ya fahari inapokuwa safi na juu ya kitu chenye kung'aa, kama hariri. Ikichafuka kidogo, au ikielekea ukijani, huchukiza upesi kuliko rangi nyingine yoyote. Kila fundi aliyewahi kupaka chumba kwa manjano ataungana naye. Rangi hii ina ukorofi wa pili ambao mnunuzi huujua akiwa amechelewa. Kuta nne za chumba hutupiana nuru, na kila nuru inapogota ukutani hurudi ikiwa imezidi umanjano; kwa hiyo chumba kizima huwa kikali mara nyingi kuliko kile kipande kidogo kilichopendeza dukani.

Wakati huohuo kemia ilikuwa imekwisha fungua mlango mwingine. Katika machimbo ya Berezovsk, karibu na Ekaterinburg katika milima ya Ural, palipatikana jiwe jekundu zuri lililowasumbua wataalamu wa Ulaya kwa muda. Mwaka 1797 Nicolas-Louis Vauquelin, wa Paris, alitambua kwamba ndani yake mna madini ambayo hayajapata kujulikana. Kwa kuwa madini hayo hutoa rangi za kila namna yakichanganywa na vitu vingine, yalipewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi, ndiyo kromi. Kromi ikiungana na risasi huzaa unga wa manjano usio na mfano: waweza kufanywa hafifu kama limau au mzito kama ute wa yai, na safu moja hufunika kilicho chini yake. Udongo wa Roussillon ukiwekwa kando yake huonekana kama umelala. Lakini mwanzoni jiwe lilikuwa adimu, na rangi ikauzwa kwa bei ya johari.

Hapo ndipo inapoingia nyumba ya Monticello, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, juu ya kilima karibu na mji wa Charlottesville. Mwenyewe alikuwa Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani, aliyestaafu mwaka 1809. Yapata mwaka 1815 aliamuru chumba chake cha kulia, ambacho kuta zake zilikuwa za lipu tupu kwa miaka mingi, kipakwe manjano ya kromi. Ratili moja ya unga huo ilikuwa dola 5: mara mbili ya bei ya buluu ya Prussia, na mara 33 ya bei ya unga mweupe wa risasi ambao ulikuwa msingi wa rangi zote za mafuta. Chumba kiko upande wa kaskazini wa nyumba, upande ambao katika nusu ile ya dunia jua haliupigi uso kwa uso. Jefferson, mpenda mambo mapya asiyejua kubana matumizi, aliununua mwanga.

Chumba hicho kilikuwa na werevu mwingine. Kando ya meko yake, mbavuni mwa ukuta, mlifichwa vinyanyuo vidogo vya kupandishia chupa za mvinyo kutoka ghala la chini. Mlango mmoja ulizunguka juu ya mhimili wake wa katikati, na upande wake mmoja ulikuwa na rafu. Chakula kiliwekwa rafuni nje, mlango ukageuzwa, nacho kikatokea ndani bila mwandazi kuonekana. Wageni walisifu. Waandazi wasioonekana walikuwa watumwa. Mpishi mkuu, Edith Fossett, alikuwa amefundishwa mapishi ya Kifaransa katika nyumba ya Rais huko Washington. Msimamizi wa meza na wa nyumba, Burwell Colbert, naye mtumwa, alifundishwa pia kazi ya kupaka rangi na kutia vioo. Mikono yake ilijua bei ya manjano ile kwa namna ambayo vinywa vya wageni havikuijua.

Jefferson alikufa tarehe 4 Julai 1826, akiacha madeni yaliyozidi dola 100,000. Wasia wake uliwaacha huru watu watano, na miongoni mwao walikuwamo Burwell Colbert na mhunzi Joseph Fossett, mumewe Edith. Haukumtaja Edith. Januari 1827 ulifanyika mnada juu ya kilima kile, ambao tangazo lake lilihesabu watu 130 pamoja na mifugo, nafaka na vyombo vya nyumba. Edith na watoto wake walikuwa miongoni mwa waliopandishwa mnadani. Si haki kusema kwamba rangi ya chumba kimoja ndiyo iliyomfilisi Jefferson, maana madeni yake yalikuwa na mizizi mingi, mingine ya kurithi, mingine ya dhamana alizowawekea wenzake. Lakini vitu kama rangi ile ndivyo vilivyojaza hesabu, na walioilipa hesabu hiyo kwa miili yao hawakupata kuketi katika chumba kile wakala.

Baadaye nyumba ilipita katika mikono ya watu wengine, na manjano ikasahauliwa kabisa. Ilipokuwa jumba la makumbusho, chumba cha kulia kilipakwa buluu hafifu mwaka 1936, ya kupatana na vigae vya Wedgwood vilivyo katika meko yake. Vizazi viwili vya Wamarekani viliitazama buluu hiyo vikadhani vinaiona ladha ya Jefferson mwenyewe. Wako walioiiga katika nyumba zao. Ukweli ulikuwa chini ya kucha za wataalamu. Chembe ya rangi, ndogo kuliko punje ya mtama, hubanduliwa ukutani, hukatwa upande na kuwekwa chini ya hadubini. Hapo safu za rangi huonekana zimepangana kama pete za mti uliokatwa, na safu ya chini hutoa ushahidi wake. Mwaka 2010 chumba kikarudishiwa manjano ya kromi, na wengi walioizoea buluu walishtuka. Nyumba ya Soane ilipatwa na mambo ya namna hiyo. Sheria ya Bunge ya mwaka 1833 iliamuru ihifadhiwe kama alivyoiacha, kadiri iwezekanavyo. Hata hivyo vyumba vya juu vilingoja mpaka miaka ya 1980 kurudishiwa ukali wao.

Ilikuwaje watu wakasahau rangi isiyosahaulika? Sababu moja imo ndani ya rangi yenyewe. Manjano ya kromi huanza na fahari ikamalizia na hudhurungi. Vincent van Gogh alipokodi nyumba ndogo katika mji wa Arles mwaka 1888, nyumba iliyopakwa manjano kwa nje na chokaa nyeupe kwa ndani, aliamua kukipamba chumba cha mgeni wake Gauguin kwa picha za alizeti; yaani alileta manjano ndani kwa turubai, si kwa kuta. Sehemu kubwa ya manjano hiyo ilikuwa ya kromi. Mwaka 2011 wanasayansi walioongozwa na Letizia Monico walionyesha, kwa miali ya eksirei ya nguvu nyingi sana, kwamba nuru huigeuza kromi iliyo juu ya uso wa rangi kutoka hali moja ya kikemia hadi nyingine, na safu hiyo nyembamba hugeuka kuwa na weusi. Mtu aliyekwangua ukuta wa zamani akaona rangi ya tope alidhani, kwa nia njema, kwamba wazee walipenda tope.

Sababu ya pili ni bei. Mawe ya kromi yaligunduliwa karibu na Baltimore, na mfanyabiashara Isaac Tyson akayashika. Kati ya mwaka 1828 na 1850 karibu kromi yote ya dunia ilitoka katika eneo hilo. Rangi ikashuka bei. Kitu ambacho Jefferson alikinunua kwa ratili kama dawa ya thamani kikawa cha kupaka magari ya farasi na milango ya maduka, na matajiri, kama ilivyo desturi yao, wakakikimbia. Miji ya nusu ya pili ya karne ya 19 ilipenda vyumba vya kulia vya kijani kizito, vya wekundu wa damu ya mzee, vya karatasi zenye maua ya giza ambazo hazionyeshi masizi.

Ndiyo maana chumba cha kulia cha Claude Monet huko Giverny, alikohamia mwaka 1883 na kuinunua nyumba mwaka 1890, kilikuwa ushupavu. Kuta, makabati na viti vilipakwa manjano za aina mbili, moja nyepesi na moja nzito, na juu yake zikatundikwa picha za Kijapani. Mlango wa pili unaingia jikoni, penye vigae vya buluu. Ukiachwa wazi, kila rangi huichochea mwenzake. Mchoraji alijua alifanyalo. Nyumba ilikuwa imechakaa sana kabla haijatengenezwa na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 1980, na tangu hapo mamilioni ya wageni wamepita chumbani humo; wengi huenda kwa ajili ya bustani wakarudi wakikitaja chumba.

Kisa cha mwisho kinairudisha Virginia London. Nancy Lancaster alikulia Virginia, katika wilaya ileile ya Monticello, ingawa katika utoto wake hakuna aliyejua kwamba chumba cha Jefferson kilikuwa cha manjano. Aliishi Uingereza sehemu kubwa ya maisha yake, akawa mwenye kampuni ya mapambo ya Colefax & Fowler. Uingereza ya baada ya vita ilikuwa nchi ya vibali. Mtu hakuweza kujenga wala kutengeneza nyumba kwa gharama kubwa bila ruhusa ya serikali mpaka mwaka 1954. Katika miaka michache iliyofuata, yeye na John Fowler walikigeuza chumba kirefu chenye dari ya tao, nyuma ya duka lao katika mtaa wa Mayfair, kikawa sebule yake. Kuta zilipakwa manjano ya siagi, safu juu ya safu, na juu yake rangi nyembamba ya kung'aa ipitishayo nuru, ili mwanga uingie ndani ya rangi kabla haujarudi. Hiyo ndiyo hariri ya Goethe iliyofanywa kwa brashi. Chumba hicho kiliigwa katika nyumba zisizohesabika kwa miongo mingi, mara nyingi vibaya, maana waigaji walinunua rangi wakaacha safu.

Limebaki jambo la sumu. Manjano ya Turner ilikuwa risasi, na manjano ya kromi ni risasi pamoja na kromi. Zote mbili zina madhara, ya kwanza kwa ubongo na damu, ya pili kwa mapafu ya waisagao. Marekani ilikataza rangi zenye risasi nyumbani mwaka 1978. Katika Umoja wa Ulaya manjano ya kromi iliwekewa ukomo wa mwaka 2015, isitumike baada ya hapo ila kwa idhini maalumu. Kipimo ambacho Umoja wa Mataifa umezishauri serikali kukifuata ni sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi kavu. Makopo yalipopimwa katika nchi nyingi, za Afrika ya Mashariki zikiwamo, rangi kali za manjano na nyekundu ndizo zilizoonekana mara nyingi kuwa na risasi nyingi kupita nyeupe. Na mtoto mchanga haulizi fundi ametumia unga gani kabla hajaitia kinywani ngozi ya rangi iliyobanduka dirishani. Viwanda vimepata badala yake: manjano za kemia ya kaboni zilizoanza Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye manjano ya bismuthi na vanadi, ambayo hukaribia ung'avu wa kromi bila risasi. Na ule udongo wa vilimani, ambao matajiri waliuacha kwa sababu haukung'aa vya kutosha, ungali unachimbwa na kuchanganywa na chokaa kwa ajili ya kuta.